Injini ya Motokaa Kuukuu: Itengenezwe au Ibadilishwe?

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Kutoka Korogwe hata Handeni ni mwendo wa kilomita 65 hivi. Msafiri akitazama vizuri nyuma ya nyumba za njiani ataona motokaa za zamani zimewekwa juu ya mawe, hazina magurudumu, na kuku wanataga ndani yake. Ukiwauliza wenyewe, jibu lao ni moja: "Injini imekufa." Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike habari hii. Injini haifi kwa mara moja. Hulika kidogo kidogo, tena hulika mahali panapojulikana, na mahali hapo hupimika.

Nia yangu ni kueleza mambo matatu. La kwanza, jinsi ya kujua injini imelika wapi. La pili, lini yafaa kuitengeneza, na lini yafaa kuitoa na kuweka nyingine. La tatu, kazi zinazosalia baada ya injini ya pili kuwaka, maana hapo ndipo watu wengi huacha kazi wakadhani imekwisha. Mfano wangu ni motokaa ya ukoo wetu, Peugeot 404, ambayo nilisaidia kuifungua na kuifunga tena katika likizo mbili.

Motokaa yenyewe

Peugeot 404 ilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1960. Umbo lake lilichorwa na kampuni ya Pininfarina ya Italia. Huku kwetu ilipata sifa kwa sababu ya mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Siku zile mashindano yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika njia za vumbi, mawe na matope. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na 1968 washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, na katika kila mwaka wa miaka hiyo miwili motokaa saba tu ndizo zilizofika mwisho. Mwaka 1966 na 1967 walishinda Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania, na mwenzake Chris Rothwell. Basi si ajabu kwamba karani au mwalimu wa siku zile, akijaliwa kupata fedha, aliitamani motokaa hiyo.

Marehemu babu yangu alikuwa karani katika shamba la mkonge. Alinunua 404 iliyokwisha kutumika mwaka 1974. Ilichukua maharusi, wagonjwa na magunia ya mahindi, na shangazi yangu mmoja alizaliwa katika kiti chake cha nyuma kabla ya kufika hospitali. Babu alipofariki mwaka 2011 iliwekwa bandani nyumbani kwetu Handeni, ikakaa.

Mwaka jana alikuja mnunuzi wa chuma chakavu na mizani yake. Baba alikuwa tayari kuiuza, akisema kwamba fedha za kuitengeneza zaweza kununua pikipiki. Baba mdogo alikataa, akisema kuuza motokaa ya mzee kwa kilo ni aibu. Bibi aliwasikiliza wote wawili, kisha akasema, "Wanangu, mnabishana juu ya mgonjwa ambaye hakuna aliyemshika paji la uso. Mwiteni fundi aipime. Akisema imekwisha, nitafungua mlango wa banda mimi mwenyewe." Basi akaitwa fundi mmoja mzee wa Korogwe, aliyeanza kufungua Peugeot tangu ujana wake.

Kwanza nyumba, kisha mwenye nyumba

Nilidhani fundi ataanza na injini, lakini hakuigusa. Alichukua bisibisi, akalala chini, akaanza kudunga sakafu ya motokaa, chini ya milango na pembeni mwa magurudumu. Nilipomwuliza sababu, alinijibu, "Mjukuu wangu, motokaa hii haina chesisi ya peke yake kama lori. Sakafu na bodi ndizo mifupa yake. Zikioza, hata ukiweka injini mpya unajenga juu ya mchwa."

Jambo hili lafaa kukumbukwa na kila mtu. Kutu ndiyo inayoamua kama kazi ianze au isianze. Motokaa zilizokaa pwani, kama Tanga na Pangani, huliwa na hewa ya chumvi upesi kuliko zilizokaa bara. Yetu ilikaa Handeni, tena chini ya paa. Alikuta mahali pamoja tu palipooza, chini ya betri, ambapo asidi ilikuwa ikidondoka miaka mingi. Pakazibwa kwa kipande cha bati na kuchomelewa.

Injini hufanyaje kazi?

Wenzangu wa Kidato cha Kwanza na cha Pili watanisamehe nikieleza kwa kifupi. Injini ya petroli ya namna hii ina silinda nne. Ndani ya kila silinda mna pistoni inayopanda na kushuka, na kazi yake ina mipigo minne. Katika mpigo wa kwanza pistoni hushuka na kuvuta hewa iliyochanganyika na petroli. Katika wa pili hupanda na kuigandamiza. Katika wa tatu plagi hutoa cheche, mchanganyiko huwaka, na pistoni husukumwa chini kwa nguvu. Katika wa nne hupanda tena na kutoa moshi. Nguvu ya mpigo wa tatu hushuka katika mkono wa pistoni, ikazungusha krenkishafti, na krenkishafti ndiyo inayopeleka mzunguko kwenye klachi, giaboksi na magurudumu.

Mpigo wa pili ndio wa kutazamwa sana. Hewa isipogandamizwa vizuri, moto wake huwa dhaifu, hata petroli iwe safi namna gani. Nayo hewa yaweza kuponyoka katika njia tatu. Yaweza kupita kando ya pistoni, kama ringi au silinda zimelika. Yaweza kupita kwenye valvu zisizofunga sawasawa. Au yaweza kupita kwenye gasketi ya hedi iliyoungua.

Dalili za nje husaidia kidogo. Moshi wa rangi ya buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma, pamoja na maji ya rejeta kupungua, ni maji yanayoingia silindani. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi, na mara nyingi kosa ni la kabureta. Sauti ya kugonga kutoka chini ya injini, ambayo mafundi husema "imenoki," mara nyingi ni beringi zilizolika. Lakini dalili ni dalili tu. Kinachotoa hukumu ni kipimo.

Jinsi ya kupima mgandamizo

Injini iliyolala miaka mingi haifai kuzungushwa na stata mara moja, kwa sababu ringi zaweza kuwa zimeshikana na silinda. Fundi alitoa plagi zote nne, akamimina oili kidogo katika kila tundu, akaiacha usiku kucha. Asubuhi aliizungusha kwa mkono, polepole, hata ikalegea. Ndipo akafunga betri nzima.

Kipimo chenyewe ni saa ndogo yenye mpira, ambayo hubanwa katika tundu la plagi. Plagi zote hutolewa, waya wa koili hutenguliwa ili pasiwe na cheche, na mtu mmoja hukanyaga mafuta mpaka mwisho wakati stata inapozungusha injini. Kazi yangu ilikuwa kukanyaga na kuandika. Katika Peugeot hizi silinda ya kwanza huhesabiwa kutoka upande wa flaiwili, yaani upande wa dereva anakokaa, wala si upande wa rejeta kama wengi wanavyodhani.

Tulipata hivi, kwa ratili katika kila inchi ya mraba: silinda ya kwanza 105, ya pili 70, ya tatu 65, ya nne 100. Inatakiwa silinda zote zikaribiane. Basi mbili za katikati zilikuwa mbovu. Je, ni gasketi, valvu, au ringi? Fundi alitia kijiko kimoja cha oili katika kila silinda, tukapima tena. Sasa zikawa 120, 110, 105 na 115.

Hapa pana somo zuri. Oili hukaa juu ya pistoni na kuziba nafasi ya ringi kwa muda mfupi. Haiwezi kuziba valvu, wala haiwezi kuziba gasketi iliyoungua. Kama kipimo kisingepanda, kosa lingekuwa juu, kwenye hedi. Kwa kuwa kilipanda sana, kosa lilikuwa kwenye ringi na silinda. Kijiko kimoja cha oili kilitupa jibu kabla ya kufungua hata nati moja ya injini.

Njia ya kwanza: kutengeneza

Injini ya 404 ina faida moja kubwa. Silinda zake ni mabomba ya chuma yanayosimama ndani ya bloki, na maji ya kupoza huyazunguka. Mafundi huyaita silivu. Zikilika, huvutwa nje na kuwekwa mpya pamoja na pistoni na ringi zake, bila kupeleka bloki kwenye mashine ya kuchonga. Kazi ya kuangalia ni gasketi nyembamba zinazokaa chini ya silivu. Hapana budi silivu zitokeze juu ya bloki kidogo sana, na zote sawa, ili gasketi ya hedi izibane. Zikikaa chini mno, maji yatapita.

Kama tungekuta silivu peke yake zimelika, kazi ingekwishia hapo, na ningewashauri wasomaji wote wafuate njia hii. Injini ya asili inayotengenezeka itengenezwe. Lakini tulipoifungua yote, fundi alipima na krenkishafti kwa maikromita. Sehemu zake zinazozunguka ndani ya beringi zilikwisha kuchongwa zamani, na kila zikichongwa hupungua unene, hata huhitaji beringi nene zaidi. Yetu ilikuwa imefika kipimo cha mwisho, tena sehemu moja ilikuwa na mkwaruzo unaoshika ukucha. Haikuweza kuchongwa tena. Tuliuliza krenkishafti nyingine Korogwe na Tanga, tusipate. Kuiagiza ng'ambo kungetugharimu kuliko injini nzima iliyotumika.

Fundi aliandika vipimo vyote katika karatasi moja, akaiweka mbele ya Bibi. Baba aliisoma mara mbili. Kisha, badala ya kutaja chuma chakavu, aliuliza bei ya injini nyingine.

Njia ya pili: kubadili

Sasa lilikuja swali la injini gani. Majirani walishauri tuweke ya Toyota, kwa kuwa vipuri vyake vimejaa madukani. Shauri hilo si baya. Wako wanaofanya hivyo na magari yao yanatembea. Lakini mtu anayeweka injini ya ukoo mwingine hana budi kukata na kuchomelea mahali pa kuishikia, kutafuta giaboksi inayopatana nayo, kugeuza bomba la moshi, nyaya na rejeta. Katika 404 iko taabu zaidi, maana shafti inayokwenda difu inazunguka ndani ya bomba lililofungwa pamoja na giaboksi. Ukigeuza giaboksi, umegeuza mambo yote mpaka nyuma.

Fundi alichagua injini ya Peugeot 504, motokaa iliyotolewa mwaka 1968. Hiyo ni ndugu wa ile ya 404. Zote mbili zimelala upande kwa pembe ya digrii 45, ili boneti iwe chini. Zote zina silivu za kutolewa, na plagi zao huwaka kwa mpango mmoja: 1, 3, 4, 2. Aliipata iliyotoka katika pikapu iliyoharibika bodi.

Wanafunzi wenzangu, hapa hesabu za darasani zina kazi. Ujazo wa silinda ni pai mara nusu kipenyo kwa kipeo cha pili, mara urefu wa mwendo wa pistoni. Injini ya 404 ina kipenyo cha milimita 84 na mwendo wa milimita 73. Nusu kipenyo ni sentimita 4.2, kipeo chake cha pili ni 17.64, na ukizidisha kwa 3.1416 unapata 55.42. Zidisha kwa 7.3, utapata sentimita za ujazo 404.6 kwa silinda moja. Nilishangaa kuona 404 imejitokeza, nikadhani nimegundua siri ya jina. Lakini sivyo. Kampuni hiyo ilikwisha kutumia majina yenye sifuri katikati tangu 201 ya mwaka 1929, basi hiyo ni bahati tu. Silinda nne zinafanya 1,618.

Injini tuliyonunua ina kipenyo kile kile cha milimita 84, lakini mwendo wake ni milimita 81. Fanya hesabu hiyo hiyo, utapata 1,796. Nyongeza ni karibu asilimia 11. Tena, mkono wa krenkishafti ni nusu ya mwendo wa pistoni, kwa hivi umeongezeka kutoka milimita 36.5 hata 40.5. Ni kama baiskeli yenye pedeli ndefu zaidi. Basi faida yake huonekana kwenye mlima, gari likiwa na mzigo.

Anayenunua injini iliyotumika na aangalie haya. Aizungushe kwa mkono kwanza. Achomoe kijiti cha kupimia oili atazame. Oili yenye rangi ya maziwa ina maji ndani yake. Aipime mgandamizo kama nilivyoeleza. Asome namba iliyogongwa katika bloki, na ahakikishe kwamba haikukwaruzwa. Zaidi ya yote, apate hati ya kuuziana yenye namba hiyo na jina la mwuzaji. Injini isiyo na hati ni shida iliyovikwa chuma. Yetu ilitoa 120, 115, 120 na 118, na mwuzaji alitoa hati.

Kuitoa ya zamani na kuiingiza mpya

Tulifuata utaratibu huu. Betri ilitenguliwa kwanza. Maji na oili vilimwagwa katika madebe. Boneti na rejeta vilitolewa. Kila waya ulifungwa kipande cha karatasi chenye namba, na namba hizo nikaziandika katika daftari pamoja na mahali unapokwenda. Kazi hii ilionekana ya kitoto, lakini siku ya kufunga, miezi sita baadaye, hakuna aliyebahatisha. Giaboksi iliwekewa gogo chini ili isining'inie, kisha boliti zake zikafunguliwa.

Kuinua injini ni kazi ya hatari. Baba mdogo alitaka kufunga mnyororo katika tawi la mwembe, fundi akakataa. Tawi halina alama ya kuonyesha litabeba kilo ngapi, na hukatika bila kutoa habari. Aliazima fremu ya mabomba ya chuma na mnyororo wa kuinulia. Kadhalika hakumruhusu mtu yeyote kulala chini ya motokaa iliyoinuliwa kwa jeki peke yake. Sharti pawe na magogo imara pande zote mbili.

Kabla ya kuingiza injini ya pili, fundi alibadili vitu vidogo ambavyo ni rahisi kuvifikia ikiwa nje, na vigumu ikiwa ndani: sahani ya klachi na beringi yake, sili za oili mbele na nyuma, pampu ya maji na mipira yote ya maji. Alilinganisha pia matundu ya boliti ya injini na ya giaboksi, moja moja. Yafaa kila mtu afanye hivyo, maana 404 na 504 zilitoka za namna nyingi, wala jina moja si dhamana ya kipimo kimoja.

Kitu kilichonipendeza ni feni ya 404. Haizunguki wakati wote. Ina sumaku ya umeme, na maji yakipata moto, swichi hupitisha umeme, sumaku hushika feni, nayo huzunguka. Maji yakipoa huachwa. Kwa hivi injini haipotezi nguvu bure kwa kuzungusha feni asubuhi kukiwa na baridi. Lakini swichi hiyo ikiharibika, injini huchemka ghafula, basi tuliijaribu katika sufuria ya maji ya moto kabla ya kuifunga.

Watu wengi huuliza kama injini ya zamani itakubali petroli ya leo isiyo na risasi. Zamani risasi ilitiwa katika petroli, na pia ilisaidia kulinda makalio ya valvu. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliiacha mwanzoni mwa mwaka 2006, na Algeria, nchi ya mwisho duniani, iliacha mwaka 2021. Hedi ya Peugeot hizi ni ya alumini, na makalio ya valvu ni pete za chuma zilizoingizwa ndani yake. Kwa mwendo wa kawaida hatukuona sababu ya hofu.

Siku ya kuwasha, plagi zilitolewa kwanza na injini ikazungushwa na stata hata taa ya oili ikazimika. Maana yake oili imefika kwenye beringi. Ndipo plagi zikarudishwa, nafasi yake milimita 0.6, na pointi za distribyuta milimita 0.4. Iliwaka mara ya tatu. Bibi alikuwa ameketi barazani. Hakusema neno, ila alimtuma mtoto akawaondoe kuku.

Baada ya kuwaka

Sasa nafika katika jambo la tatu. Injini kuwaka si mwisho wa kazi.

Kwanza, breki. Motokaa iliyolala miaka mingi ina mipira ya breki iliyokauka na maji ya breki yaliyovuta unyevu. Tulibadili mipira yote, tukasafisha ngoma, tukatoa hewa. Fundi hakukubali itoke nje ya ua kabla ya hapo, na alisema wazi kwamba injini yenye nguvu zaidi haikuwekwa kwa ajili ya mbio. Barabara ya Korogwe na Handeni sasa ni ya lami, na lami humshawishi dereva.

Pili, matairi. Tairi lenye nyufa ubavuni ni la kutupa, hata kama meno yake bado marefu.

Tatu, kadi. Kadi ya motokaa Tanzania ina namba ya chesisi na namba ya injini pia. Ukibadili injini, kadi yako imekuwa ya uongo hata utakapoisahihisha. Daftari la magari hutunzwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, na mwenye motokaa hupaswa kupeleka habari ya mabadiliko hayo, pamoja na hati ya kununulia. Asiyefanya hivyo atapata taabu siku ya ukaguzi wa polisi, siku ya kuuza, au siku ya kudai bima. Baba alishughulikia jambo hili mwenyewe.

Nne, oili chafu. Madebe yetu tuliyapeleka gereji wanakoikusanya. Mji wa Korogwe uko kando ya Mto Pangani, na watu wa chini ya mto huyanywa maji hayo hayo. Oili kidogo hutanda juu ya maji mengi.

Sasa nieleze gharama bila kuficha. Baba aliuza mahindi, baba mdogo aliuza ng'ombe mmoja, na kazi ilichukua likizo ya Juni na ya Desemba. Kwa fedha hizo pikipiki ingepatikana kweli, kama Baba alivyosema. Lakini Bibi hawezi kupanda pikipiki. Mwezi wa Januari alikwenda hospitali kutazamwa macho, akiwa ameketi mbele, na wajukuu wanne nyuma. Kila ukoo na upige hesabu yake. Kama bodi imeoza, au kama hakuna wa kuitumia, mizani ya chuma chakavu si aibu. Ninachoomba ni kwamba kipimo kitangulie uamuzi.

Silivu mbili za injini ya zamani, ya pili na ya tatu, Bibi ameniruhusu nizilete shuleni. Ziko katika maabara ya fizikia, juu ya kabati la kushoto, pamoja na karatasi ya fundi. Mwalimu wetu ametoa ruhusa zipimwe kwa kalipa. Anayetaka kujua miaka 37 ya barabara imekula milimita ngapi za chuma na aje baada ya masomo. Apime juu, katikati na chini, kisha ajaribu kueleza kwa nini pameliwa zaidi karibu na juu.